Mwalimu Alivyogawa Leseni

Mimi si mtu wa hasira. Anayesema nina hasira ni Quincy Obuya, na mtu huyo tulikaa naye miaka mitatu bila kusalimiana, kwa hiyo ushahidi wake haufai mbele ya mtu yeyote mwenye akili.

Kazi yangu ni kuhariri video. Nina chumba River Road, ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari na rangi, na humo ndani nina kompyuta mbili, feni moja, na kiti ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia. Harusi, ruracio za kupeleka mahari, ubatizo, mazishi: ukiniletea nitakata, nitaunga, nitatia muziki, na mama ya bibi harusi ataonekana mara tatu. Ukimwonyesha mara mbili utaitwa urudie kazi. Ukimwonyesha mara nne, mama ya bwana harusi atanuna. Mara tatu ndiyo amani.

Juni hii nilipata kazi niliyokuwa nikimwomba Mungu miaka mingi. Chuo kimoja cha wauguzi huko Upper Hill kilitaka mtu wa kuhariri video za mafunzo mwaka mzima: namna ya kunawa mikono, namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, namna ya kumpa mtu habari mbaya. Mwaka mzima, Jumatatu hadi Ijumaa, bila mtu kunipigia simu Jumapili nikiwa kanisani kuniuliza mbona shangazi yake hakuonekana akicheza. Anita, dada anayeshughulikia ununuzi pale chuoni, aliipenda kazi yangu, akanipa sharti moja. Kabla ya Ijumaa saa kumi jioni nimpelekee karatasi ya leseni ya programu ninayotumia, yenye jina langu, na iwe ya toleo jipya, kwa sababu kamera zao ni mpya, na kulilisha toleo langu la zamani faili zao kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Nilitoka pale nikitabasamu peke yangu barabarani. Leseni? Kuniuliza mimi leseni? Katika jengo letu zima mimi ndiye mwenye boksi halali, lenye namba, lenye risiti. Majirani zangu wa ghorofani hutumia nakala za kudukuliwa, na kila zinapowagomea katikati ya harusi ya mtu mimi huenda kusimama mlangoni mwao, mikono kiunoni, kuwahubiria. Nyani haoni kundule, lakini hilo nilikuwa bado sijalijua.

Programu yenyewe inaitwa Montira, na mimi niliinunua ikiwa mkono wa pili kwa Mwalimu Ephantus. Hapa lazima nieleze, maana bila Mwalimu hakuna hadithi, na bila Mwalimu hata mimi mwenyewe sijui ningekuwa wapi. Nilikuja studioni kwake, hapohapo River Road, kutoka Vihiga nikiwa na cheti cha uhazili na viatu vya kuazima, nikitafuta kazi ya kupokea simu. Akaniuliza kama naweza kukaa kwenye kiti saa sita bila kulalamika. Nikamwambia kukaa naweza, kuhusu kulalamika sina hakika. Alicheka, akanivutia kiti. Kila ninachojua kilitoka kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kumkata mtu kabla hajamaliza kucheka, ili anayetazama aendelee kucheka kwa niaba yake. Nampenda mzee huyo kama nilivyompenda baba yangu, na baba yangu nilimpenda sana.

Miaka miwili baada yangu akaja Quincy, mwanamume wa Ahero aliyechoka kupiga picha za vitambulisho. Mrefu, mpole, sauti ya chini, mtu ambaye ukimtukana anakuuliza kama umekula. Tulifanya kazi vizuri sana sisi watatu. Nasema hivyo kwa haki yake.

Kisha macho ya Mwalimu yakaanza kumhepa. Kwanza akawa anainamia kioo, halafu akawa anatuuliza rangi, na siku moja akamwacha bwana harusi wa watu bila kichwa dakika nzima bila kujua. Alizima kompyuta mwenyewe, akasema basi. Wiki iliyofuata alituita nyumbani kwake mtaa wa Satellite, akachinja mbuzi. Tulipomaliza kula, mkewe, Mama Njuguna, akaleta maji ya kunawa, na Mwalimu akaleta Montira.

Ilikuwa maboksi matatu. Toleo la sita alilinunua zima, bei kamili. La saba na la nane aliyanunua baadaye kwa bei nafuu, ile anayouziwa mtu ambaye tayari ana toleo la nyuma. Boksi la namna hiyo halisimami lenyewe. Ukiliweka kwenye kompyuta linakuuliza kwanza namba ya boksi la kwanza, kama mgeni anavyoulizwa mlangoni amekuja kwa nani.

Mwalimu alikohoa, akasimama.

"Baba yangu akigawa shamba Dagoretti," akasema, "wa kwanza alipewa pale nyumba iko. Wa pili akapewa kule chini kwa mto. Hakuna mtu alipata sawa na mwenzake, na hakuna mtu alilala njaa."

Akanipa mimi toleo la sita, na kitabu chake, na risiti. Akampa Quincy la saba na la nane, na siku iliyofuata akaenda mwenyewe kumwekea kwenye kompyuta yake, akiandika ile namba ya boksi langu kwa kuikumbuka kichwani. Alikataa kutupatia bure, kwa kuwa kitu cha bure hakina uchungu. Kila mmoja alimpa kiasi alichoweza, naye akatuandikia kila mmoja karatasi ya mauzo na kutia sahihi. Alikuwa na furaha siku ile. Alikuwa amefanya kama baba yake.

Na mimi nilirudi nyumbani nimevimba. Mimi wa kwanza nimepewa kikuukuu, na huyu aliyekuja juzi kapewa vipya, viwili, vinang'aa! Sikumwambia mtu. Niliacha tu kumpigia Quincy simu, naye akaacha kunipigia, jambo ambalo lilinithibitishia kwamba anaringa. Tangu hapo tukawa tunamtembelea Mwalimu kila mtu Jumapili yake. Mama Njuguna alikuwa akisema fahali wawili hawakai zizi moja, nami nilikuwa nikimjibu kwamba mimi si fahali, muulize yule mwingine.

Sasa turudi kwenye Juni. Kampuni ya Montira ilikuwa imetangaza toleo la tisa, na kwamba wenye leseni za zamani wanaweza kupanda kwa bei nafuu kwa mara ya mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa Ijumaa ileile ya Anita. Baada ya hapo hakuna kununua tena. Ni kukodi mwezi kwa mwezi, kwa dola, mpaka Yesu arudi. Jumatatu nikafungua ukurasa wao, nikaandika namba yangu kwa mbwembwe zote. Ikanijibu kwamba namba hii ni ya Ephantus, ilishapandishwa mara mbili, na toleo la sita peke yake haliruhusiwi kupanda.

Niliandika tena. Nikaandika mara ya tatu kwa kubonyeza kwa nguvu, kana kwamba ilikuwa haijasikia.

Jumanne asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Shem, wakala wao hapa mjini. Nilikwenda na boksi, kitabu, risiti, karatasi ya mauzo, na maneno makali niliyoyapanga njiani. Shem aliviangalia vitu vyote polepole, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha. Akanieleza kwamba kuuza leseni mkono wa pili si kosa hata kidogo, kampuni inaruhusu. Wasichoruhusu ni kuigawa. Boksi la kwanza na yale ya kupandia ni leseni moja, yanatembea pamoja kama treni na mabehewa yake. Mwalimu alipolipandisha toleo la sita kuwa la nane, la sita lilikoma kuwa kitu cha peke yake. Mimi nilikuwa na nusu. Mwenye yale mengine alikuwa na nusu. Na kompyuta zote mbili zilikuwa zikitumia leseni moja kwa watu wawili, jambo ambalo kwenye karatasi zao lina jina lisilopendeza.

"Lakini sioni mwizi hapa, madam," akasema. "Naona mzee alikuwa anajaribu kuwa fair."

Karibu nimkumbatie. Halafu akanipa fomu, akanionyesha njia. Maboksi yote matatu yarudi mahali pamoja. Yule mwingine aifute programu kwenye mashine yake. Mwalimu, ambaye ndiye aliyeandikishwa, atie sahihi ya kuihamisha. Mmiliki mpya awe mtu mmoja, au kampuni iliyosajiliwa, na kwa kusajili kampuni tulikuwa tumechelewa. Mmiliki huyo anaweza kuiweka kwenye kompyuta zake mbili, hata mfanyakazi wake akaitumia, mradi zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Uhamisho ni mara moja tu. Leseni ikishahama haihami tena. Nimletee kila kitu, na pesa za kupanda toleo la tisa, Ijumaa kabla ya saa sita, naye atanitolea karatasi palepale.

Nilitoka nikapita mlangoni mwa majirani zangu wa ghorofani nimeinamisha kichwa. Miaka mitatu nimewahubiria watu wale.

Lakini hilo la hubiri halikuniumiza sana. Niliyekuwa nikimfikiria ni Mwalimu. Mzee yule alijivunia mambo mawili maishani: hakuwahi kutumia kitu cha wizi, na aligawa mali yake bila kuonea mtu. Sasa mimi nimpelekee fomu inayosema yote mawili hayakuwa kweli? Niliitaka ile kazi ya Upper Hill kwa moyo wangu wote. Lakini nilijua nikiipata kwa kumvunja mzee yule, kila siku nitakapofungua kompyuta nitauona uso wake.

Jumatano nilikwenda kwa Quincy. Chumba chake kiko hukohuko Satellite, nyuma ya duka la dawa, kuta zote kabandika trei za mayai kuzuia kelele. Alikuwa akihariri mazishi. Kwenye kioo palikuwa na bibi mmoja mzee, amesimamishwa katikati ya kucheka, na Quincy alikuwa anatafuta pahali pa kumkata.

"Kabla hajamaliza," nikasema.

"Najua," akasema. Kisha akageuka. "Lornah. Umekula?"

Unaona mtu wa aina gani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Nilitarajia abishe ili nami nipate pa kuanzia. Hakubisha. Alisimama, akashusha kutoka juu ya kabati mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, na ndani yake maboksi mawili safi kama siku yalipotoka kwa Mwalimu.

Nikamuuliza mbona anayahifadhi hivyo kama cheti cha ndoa. Akasema ndicho kitu kizuri alichowahi kupewa, ingawa siku alipopewa kilimuuma.

"Wewe ulipewa boma," akasema. "Mimi nikapewa matawi. Mwalimu akiniwekea hapa, ilikataa kufunguka mpaka akaandika namba ya boksi yako. Yako, Lornah. Nikajua hapa mimi ni tenant tu, mpangaji wako."

"Si ulipewa mpya? Mbili?"

"Si ulipewa yenye mizizi?"

Tulitazamana. Miaka mitatu. Mimi namwonea yeye wivu, yeye ananionea mimi, na kumbe wote wawili tulikuwa tumeshika nusu ya kitu kimoja. Nilianza kucheka, na mimi nikicheka sina breki, ikabidi nikae. Naye alicheka kimyakimya, mabega tu yakitikisika, jinsi alivyokuwa akicheka zamani River Road. Nikagundua kwamba nilikuwa nimemkosa sana. Nilikuwa nimemkosa kila siku, na hasira yote ile ilikuwa kazi ya kulificha hilo.

Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu anajua?"

"Hajui."

"Asijue," akasema.

Akaniambia atamaliza ile video ya mazishi asubuhi, halafu aifute programu, na mchana twende pamoja kwa Mwalimu. Tutamwambia ni karatasi ya kawaida ya kupanda toleo, atie sahihi, tunywe chai. Sikumuuliza baada ya kufuta atafanya kazi na nini. Nilijua kwamba nikiuliza nitalazimika kulisikia jibu.

Alhamisi mchana tulifika. Mama Njuguna alikuwa barazani akimenya nduma, na alipotuona tukiingia lango pamoja alishusha kisu, akatutazama, akapiga kelele ndani kwa Kikuyu kwamba Mwalimu atoke, kuna ajabu. Mwalimu akatoka akipapasa ukuta. Alipozisikia sauti zetu mbili kwa pamoja alisimama kidogo, kisha akaketi kama mtu aliyetua mzigo. Alituuliza habari za kazi, nani anaoa, nani amezikwa.

Chai ilipokuja nilitoa fomu. Nikasema ni karatasi ya kupandisha toleo, sahihi tu hapa chini.

"Soma," akasema. Nilijua atasema hivyo. Mwalimu hajawahi kutia sahihi kitu ambacho hajakisikia chote.

Nikasoma, nikiigeuza kwa Kiswahili kadiri ninavyokwenda. Jina la muuzaji. Namba ya leseni. Tarehe ya kununuliwa. Kisha nikafika kwenye kile kifungu, nikakiruka, laini kabisa, bila kupumua, nikaingia kinachofuata.

Mwalimu aliinua kidole.

"Hapo umekata, mami."

"Wapi?"

"Hapo baada ya tarehe. Umeunga vizuri, mwingine hangeskia. Lakini mimi ndio nilikufunza." Akatega sikio. "Rudisha."

Nilimtazama Quincy. Quincy alikuwa akitazama chai yake. Nikasoma, safari hii bila kuruka: muuzaji anathibitisha kwamba leseni hii haijagawanywa, na kama iligawanywa kwa kutojua, sehemu zote zimerudishwa pamoja, na nakala ya pili imefutwa.

Mama Njuguna aliacha kumenya.

Mwalimu akasugua goti lake. Kisha akaniambia nieleze, na nisikate tena. Nikaeleza. Mabehewa, treni, nusu na nusu, yote ya Shem. Nilisema pia kwamba Shem alisema hakuna mwizi. Hilo nililisema mara mbili.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema, "hakuna mtu kwenu alikuwa na kitu kamili."

"Ilikuwa inafanya kazi, Mwalimu," Quincy akasema.

"Hata ng'ombe ya kuibiwa hutoa maziwa."

Kidevu chake kilikuwa kikicheza. Nilitaka kuinuka niende nikapigane na mtu, yeyote, hiyo kampuni, hata Shem na adabu yake. Badala yake nilimshika mkono, na kwa kuwa siwezi kusema vitu hivi vizuri nilimwambia tu kwamba kila mkate niliokula River Road ulitoka kwenye nusu ile aliyonipa. Aliubana mkono wangu lakini hakunigeuzia uso.

"Endelea," akasema. "Chini kuna nini?"

"Jina la mmiliki mpya."

"Nafasi ngapi?"

"Moja, Mwalimu."

Akaweka kalamu mezani.

"Hiyo mimi siandiki. Nitatia sahihi kwamba nilikosea, hiyo ni deni yangu. Lakini nikipatia mmoja, nimenyang'anya mwingine, na huyo mwingine amekaa hapa na kikombe yangu mkononi."

Mama Njuguna alimwambia kesho ni Ijumaa, watu wana kazi. Mzee akasema hata ikiwa siku ya kiyama. Akakunja mikono. Namfahamu mzee yule: akikunja mikono, hata askofu akija atakunywa chai na kurudi.

Basi Quincy akavuta fomu upande wake. Akachukua ile kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama mtu anayeandika kwenye ubao ili wa nyuma waone: LORNAH KAGEHA.

Sitajifanya mtakatifu. Sikumshika mkono. Nilijua kompyuta yake imenyamaza tangu asubuhi, nilijua Jumamosi ana ruracio ya kuhariri na hana cha kuihariria, na nilimtazama akilimaliza jina langu mpaka herufi ya mwisho. Niliitaka kazi ile. Nilikaa pale nikaitaka, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Ameandika nani?" Mwalimu akauliza.

"Mimi nimeandika," Quincy akasema. "Lornah. Yeye ndio ana kazi ya kuipeleka mbali." Akaegemeza ukingo wa boksi la toleo la nane, alilokuja nalo, chini ya mstari wa sahihi, akauongoza mkono wa mzee mpaka kidole kikagusa ukingo. "Hapa, Mwalimu. Fuata hiyo."

Mwalimu akatia sahihi. Ilikuwa ileile ndefu iliyoko kwenye karatasi yangu ya mauzo, ila ilipanda mlima kidogo mwishoni. Alipomaliza hakuachia kalamu.

"Na wewe, kijana yangu," akamuuliza Quincy, "umebaki na nini?"

Quincy akavitazama viganja vyake.

"Amebaki na mimi," nikasema.

Sijui ilitokea wapi. Ilitoka kwa sauti kubwa, kama ninavyosema vitu vyote. Mama Njuguna alinigeukia na kisu chake na nduma yake.

"Kwa njia gani?" akauliza.

Nilisema nilimaanisha kazi. Nikaanza kueleza mbio, nikijikwaa: kwamba leseni inaruhusu kompyuta mbili za mmiliki, na mimi ninazo mbili, kwamba haziruhusiwi kufanya kazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo Quincy atashika asubuhi na mimi mchana, kwamba kazi ya mwaka mzima ya chuo kizima si ya mtu mmoja, nilikuwa nikijidanganya mwenyewe, kwamba ile ruracio ya Jumamosi ataifanyia kwangu, kwenye kiti changu akitaka, kwamba pesa ya Upper Hill ni nusu kwa nusu, hiyo si boksi, hiyo inagawanyika. Niliongea mpaka pumzi ikaniishia. Hakuna aliyenisaidia. Wote watatu walikuwa wakinisikiliza kama redio.

"Umekubali?" Mwalimu akamuuliza Quincy.

"Sijaulizwa," Quincy akasema. "Nimeambiwa."

Mzee akacheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona, akayafuta kwa mgongo wa mkono, mengine yakaja, na mwishowe hapakuwa na mtu pale barazani aliyejua ni kicheko au ni kitu kingine. Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa nimekuja na woga wa kumvunja moyo mtu niliyempenda, na nikawa nimekaa kati ya wawili ninaowapenda.

Ijumaa saa tano Shem alinipa karatasi. Saa tisa nilikuwa Upper Hill, mbele ya Anita, nikamkabidhi leseni ya toleo la tisa yenye jina langu peke yake. Aliisoma, akaipiga muhuri, kisha akafungua mkataba kwenye ukurasa wa watendakazi na kuniuliza kama niko mwenyewe au tuko zaidi. Pale mistari ilikuwa mingi, mtu anaweza kuandika apendavyo. Nikachukua kalamu, nikaandika jina la Quincy Obuya kwenye mstari wa kwanza, na langu chini yake.